Hiki ni Norbert

Kabla ya alfajiri birika alianza kugonga kifuniko chake, tik, tik, tik, polepole, kama mgeni mwenye haya anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo watu bado wamelala. Nilimwambia, "Nimekusikia," nikashusha miguu kitandani.

Sikukosea kuandika "alianza." Kwetu sisi Wakri, watu wa asili wa kaskazini mwa Kanada, birika ni yeye. Jiwe ni yeye, kijiko ni yeye, ngoma ni yeye, mkate ni yeye, na theluji aliyelala nje ni yeye pia. Viatu vikubwa vya kutembelea juu ya theluji ni wao. Lakini kiatu cha kawaida ni kitu tu. Meza ni kitu, mlango ni kitu. Mti akiwa amesimama ni yeye. Ukishamkata, zile kuni ni vitu. Rasiberi ni yeye na stroberi ni kitu, na usiniulize sababu. Mimi nilimwuliza mama yangu, akaniambia nikamwulize rasiberi mwenyewe.

Tunayo maneno mawili madogo ya kuonyeshea. Awa, ndiyo huyu. Oma, ndiyo hiki. Mtoto aliyelelewa ndani ya lugha hayachanganyi hayo mawili, kama wewe usivyoweza kumwonyesha mama yako kwa kidole ukasema "hiki ni mama."

Asubuhi ile nilikuwa nampika mkate wa kumpelekea dada yangu Alphonsine katika nyumba ya wazee. Kule wanampa uji laini usio na chumvi. Si kwa ubaya, daktari ndiye aliyesema. Figo zake zilikuwa zimechoka. Mashine ya kusafisha damu iko mjini, safari ya kutwa nzima kwa gari, na alikuwa amekataa kwenda.

"Nitafia hapa," aliniambia, "mahali ambapo mbwa akibweka najua ni mbwa wa nani."

Macho yake yalikuwa yameshazima. Masikio bado. Na kwa masikio hayo alikuwa anangoja jambo moja tu: amsikie mtoto, mtoto mdogo, akisema maneno yetu kama yalivyosemwa nyumbani kwa mama. Wajukuu zangu mimi wako mbali, na wakinipigia simu ni Kiingereza kitupu. Yeye hakujaliwa mtoto. Siku hiyo watoto wa darasa la tatu walikuwa wanakuja kumsalimia, na Mwalimu Friesen alikuwa amemwahidi kwamba watazungumza Kikri, kila mmoja wao. Alphonsine alikuwa ameihesabia siku hiyo kama wengine wanavyohesabia Krismasi.

Mwalimu alikuja kunichukua. Alikuwa ameliwasha gari muda mrefu ili kiti changu kipate joto, na blanketi alikuwa ameliweka tayari nilifunike magoti. Hakuna aliyemtuma. Ndivyo alivyo yule kijana.

"Mkate ananukia vizuri, bibi," alisema.

Nilimtazama. Alikuwa amesema kwa Kikri, na alikuwa amesema vizuri, "ananukia."

"Ukimgusa kabla ya Alphonsine, nitakuvunja mkono," nikamwambia, akacheka hadi kioo cha gari kikapata ukungu.

*

Lazima niseme lile sanduku la kufundishia Kikri, ambalo watoto hao walijifunzia, lilivyoanza.

Mwalimu Friesen alipofika kijijini kwetu, shule ilikuwa na karatasi moja tu ukutani juu ya watu wa asili, picha ya mwanamume mwenye manyoya kichwani, na huyo hata si wa kwetu, ni mtu wa nyika za mbali. Watoto walikuwa wakimwuliza mwalimu, "Sisi ni huyo?" Naye hakujua awajibu nini. Basi akaja jikoni kwangu, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akasema, "Mabibi, nifundisheni nikawafundishe."

Majira yote ya baridi tulikaa naye. Mimi nilikuwa nawasha moto na kukumbuka nyimbo. Alphonsine ndiye aliyekuwa anasema maneno, mwalimu akiyanasa kwenye simu yake. Wakati huo sauti ya dada yangu ilikuwa nzito na safi. Akisema neno ulikuwa ukiliona.

"Jiwe," mwalimu alisema siku moja. "Niseme oma?"

"Ukisema oma, jiwe atakuangukia mguuni."

"Awa, basi."

"Awa. Mwombe radhi."

Akamwomba jiwe radhi. Tulicheka sana.

"Na suruali?"

"Awa."

"Suruali naye ni mtu?"

"Ya kwako sijui," Alphonsine akasema. "Ya marehemu mume wangu alikuwa mtu kabisa. Alikuwa anasimama mwenyewe kwa uchafu."

Kulikuwa na siku za kucheka namna hiyo. Kisha ilikuja siku ya picha.

Tuna picha moja ya kaka yetu Norbert. Amesimama mbele ya hema juu ya viatu wake wa theluji, waliotengenezwa na baba, kofia imemshuka hadi machoni. Vuli iliyofuata lori la shule ya bweni ya kanisa lilikuja likawachukua kwa nguvu yeye na Alphonsine. Mimi nilikuwa mdogo bado, bibi yetu akanificha msituni kwenye kambi ya mitego, ndiyo maana sikuipata lugha ya shule mpaka ukubwani. Alphonsine alirudi. Norbert hakurudi, na mahali alipozikwa hatujui mpaka leo.

Alphonsine alimpa mwalimu picha ile ainakili.

"Iweke kwenye somo la historia," alisema. "Watoto wajue. Lakini nisikilize, mwanangu. Kule hatukuwa na majina. Tulikuwa namba. Namba ilishonwa kwenye kola ya shati, kwenye soksi, kwenye blanketi. Sista akiingia asubuhi alikuwa anaita namba, na namba ya Norbert ilipokosa kuitika, aliruka akaita iliyofuata. Basi. Aliruka tu."

Mwalimu alimmiminia chai, akamwekea kikombe kiganjani, vidole vya dada yangu vikishika sikio la kikombe.

"Nataka mtoto akiiona picha hii aseme awa. Huyu. Awa Norbert. Mtu akifa hageuki kuni. Unanielewa?"

"Nimekuelewa, bibi."

Alphonsine akasema mbele ya simu, kwa sauti ile safi, "Awa Norbert." Kisha akaomba aende kulala, jua likiwa bado juu.

Na neno jingine nilitaje hapa. Tangu Alphonsine atoke shule ile, hakuwahi kuzungumza Kiingereza na mtoto yeyote. Na mtu mzima, sawa, dukani, hospitalini. Na mtoto hapana. Watoto wasiomwelewa walikuwa wanamkimbia, naye aliwaacha wakimbie. "Kama walivyonipiga ili nikiseme," alikuwa akisema, "mimi sitampa mtoto hata kijiko kimoja cha Kiingereza."

Kazi ile ilipelekwa mjini kwa watu wa elimu. Waliipenda. Walisema itachapishwa vizuri iende shule zote za kaskazini, na hatukuamini masikio yetu. Baada ya mwaka na zaidi sanduku likarudi. Lilikuwa sanduku zuri kweli, la mbao, lenye kadi za rangi, na jiwe ndani yake, na kijiko wa pembe, na picha ya Norbert iliyotiwa plastiki isichakae. Na kimashine cha vitufe vyenye picha, ambacho ukigusa picha unasikia sauti ya dada yangu ikilitaja jina.

Macho ya Alphonsine yalikuwa yamekwisha kufikia hapo. Alilipapasa sanduku lote, pembe zake, bawaba zake, kama mtu anayempapasa mtoto mchanga. Mwalimu akabonyeza vitufe vitatu vya mwanzo. Kiatu. Meza. Mlango. Oma, oma, oma, sauti yake mwenyewe, nzito na safi.

"Inatosha," alisema Alphonsine. Alikuwa analia. "Mengine yawe ya watoto."

*

Tulipofika nyumba ya wazee, Nesi Bernadine alikuwa amemvalisha dada yangu kitambaa chake cha maua na kumchana nywele. Yule mama kabla ya kumgusa mgonjwa huviweka viganja vyake juu ya kipasha joto. Nimemwona mara nyingi, na hafanyi ili aonekane. Alphonsine alikuwa ameketi kwenye kiti chake dirishani, uso umeelekezwa mlangoni.

"Wamefika?"

"Bado, dada."

"Nasikia gari."

"Ni gari la maziwa."

"Mkate umemletea nani?"

"Wewe. Na watoto wakiwa wema."

"Hata wakiwa wema, wewe ukatae, nimle peke yangu."

Walipoletwa na mwalimu kwa basi la shule, walivua viatu vyao vya baridi vikajaa mlangoni, na sebule ikanuka theluji na nguo mbichi. "Tansi, Kohkom!" wakaimba wote pamoja, yaani hujambo, bibi. Uso wa dada yangu uliwaka. Sina neno jingine. Uliwaka kama taa imewashwa ndani yake.

Mwalimu akawapanga. Karibu kila mtoto alishika kitu chake.

Wa kwanza alishika kiatu. "Hiki ni kiatu," alisema kwa Kikri.

"Kweli kabisa, mwanangu," Alphonsine akamjibu.

Wa pili alishika jiwe. "Hiki ni jiwe."

Niliona nyusi za dada yangu zinasogea kidogo tu.

"Rudia, mwanangu."

"Hiki ni jiwe!"

"Jiwe amekukosea nini?"

Watoto wakacheka bila kujua wanachokicheka. Yeye naye akacheka kidogo ili wasiogope. Akanigeuzia sikio akanong'ona, "Wana haya. Mtoto akiwa na haya ulimi unateleza."

"Ndiyo, dada."

Wa tatu alikuwa na kijiko. Hiki. Wa nne alikuwa na ngoma ndogo. Hiki. Wa tano hakuwa na kitu, basi akamnyooshea kidole mkate wangu mezani, niliyemkanda kwa mikono hii, mvuke bado unamtoka, akasema kwa fahari, hiki ni mkate. Nilimtazama Mwalimu Friesen. Alikuwa anatazama sakafu.

Hapo nikajua kwamba yeye alikuwa anajua.

Alphonsine aliendelea kutikisa kichwa na kusema vizuri, vizuri, mwanangu, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kiti. Nilitaka watoto wale wasimame. Nilitaka niseme chai iko tayari. Lakini alikuwepo mmoja aliyekuwa hajasema, msichana mwembamba aitwaye Jaylene, mtoto wa Trina anayefanya kazi pale dukani. Alikuwa amesubiri zamu yake mwisho kabisa kwa sababu yeye alikuwa na jambo kubwa. Alikuja hadi magotini kwa dada yangu, akamwekea mapajani ile picha ya plastiki.

"Kohkom," alisema, "hiki ni nini?"

"Macho yangu yamekwenda, mwanangu. Niambie wewe."

"Hiki ni Norbert."

Jaylene alisubiri asifiwe. Alikuwa amelitamka jina vizuri sana, kwa utaratibu, kama mtoto aliyejifunza nyumbani mbele ya kioo.

"Nani amekufundisha kusema hivyo?" Alphonsine aliuliza. Aliuliza kwa upole.

Mtoto hakuelewa. Mwalimu ikabidi atafsiri.

"Wewe, Kohkom," Jaylene akasema.

"Mimi?"

"Ndiyo!" Akakimbilia sandukuni, akakileta kile kimashine, akakiweka karibu na sikio la dada yangu na kugusa picha ya Norbert.

Na sauti ya dada yangu, ile nzito na safi ya jikoni kwangu, ikasema: "Oma Norbert."

Jaylene alidhani hakusikia, akabonyeza tena. Oma Norbert. Hiki ni Norbert.

Nilielewa baadaye walivyofanya. Walilikata neno oma pale aliposema kiatu, wakalibandika mbele ya kila jina, ili watoto waanze na neno moja jepesi. Hakukuwa na mtu mbaya katika jambo hilo. Kulikuwa na mtu fulani mbele ya kompyuta aliyependa mambo yawe nadhifu. Lakini pale sebuleni sikuyajua hayo, na Alphonsine hakuyajua. Alichojua ni kwamba sauti yake mwenyewe, mbele ya watoto wote wa kaskazini, ilikuwa inamwita kaka yake kitu.

"Sikusema hivyo," alisema kwa Kikri. "Mimi sikusema hivyo. Vitaline, wewe ulikuwepo. Nilisema hivyo?"

"Hukusema, dada."

"Nilisemaje?"

"Ulisema huyu."

"Waambie."

Lakini ningewaambiaje? Kikri hawakukielewa, ila yale maneno ya sandukuni. Jaylene alikuwa amesimama na kimashine mkononi, anajua amekosea lakini hajui wapi. Nilimvuta nikamkumbatia. Nilimpa kipande cha mkate. Nilifanya nilichokiweza.

*

Bernadine aliwapeleka watoto jikoni wakanywe chokoleti ya moto. Hakuombwa, aliona tu. Mwalimu Friesen alipiga magoti mbele ya kiti.

"Bibi, niliona kadi zilipokuja. Niliwaandikia. Walinijibu kwamba hili ni sanduku la kwanza, la kuanzia, na awa itakuja katika sanduku la pili."

"Liko wapi la pili?"

"Hawatalifanya. Mpango ule umefungwa. Wale watu wameshahamishwa, simu hazipokelewi."

"Na wewe hukuniambia."

"Ulikuwa unalia kwa furaha, bibi. Sikuweza."

Alphonsine alinyoosha mkono akautafuta uso wake, akaupata. Ulikuwa umelowa.

"Ulinihurumia," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuwa na macho mabovu na masikio mazima, mwanangu. Ungeniambia wakati ule, ningesema tena yote, pumzi nilikuwa nayo." Hakuinua sauti. "Toa simu. Nitasema sasa."

Aliitoa. Aliishika karibu na mdomo wake. Dada yangu akaketi wima, akavuta pumzi.

"Awa," alisema, na kikohozi kikamkamata. Nilimpa maji. "Awa asi..." Jina la jiwe lilikatwa na kikohozi. Sauti iliyokuwa inatoka ilikuwa nyembamba, yenye kutu, ya mtu anayeita kutoka mbali upande wa pili wa ziwa. Alijaribu tena. Alijaribu mpaka midomo ikawa ya buluu, na Bernadine akaja akasema hapana, Alphonsine, tafadhali, hapana.

Mwalimu alituchezea ile sauti mpya. Watoto wawili walikuwa wamerudi mlangoni na vikombe vyao, masharubu ya chokoleti juu ya midomo. Alphonsine alisikia hatua zao.

"Waulize," alimwambia mwalimu. "Waulize, hizi sauti mbili, watasikiliza ipi."

"Bibi, usi..."

"Waulize."

Akawauliza. Watoto hawajui kudanganya kwa ajili ya huruma, hilo tunalijifunza ukubwani. "Ile ya sandukuni," mmoja alisema. "Hii inatisha."

Alphonsine alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama anayekubaliana na mtu tusiyemwona.

"Ifute," alisema.

"Nitawafundisha mimi mwenyewe," mwalimu akasema. "Kila siku. Nitawasahihisha mmoja mmoja."

"Mpaka lini?"

Mkataba wa mwalimu ulikuwa unaisha shule zikifungwa, na sote tulijua, barua ilikuwa imeshabandikwa ofisini kwao. Sanduku ndilo lingebaki. Sanduku halina mkataba.

*

Basi la shule likaondoka na watoto. Mwalimu alilazimika kwenda nalo, aliniambia atarudi kunichukua. Jaylene hakupanda, kwa sababu mama yake angempitia akitoka dukani. Aliketi kwenye stuli ndogo karibu na dada yangu, miguu haifiki chini, na mkate wake nusu mkononi. Hakuondoka kwenda kwenye televisheni. Hilo nililiona, na Alphonsine ingawa hakuona, nadhani alilijua.

Baada ya muda dada yangu alisema, "Awa."

Jaylene alinitazama. Nilimwashiria arudie.

"Awa," alisema.

Alphonsine alipapasa mapajani mwake akaipata picha, akaigonga kwa kidole. "Awa Norbert."

"Awa Norbert," mtoto akasema.

"Awa Norbert."

"Awa Norbert. Awa Norbert."

Alisema vizuri. Alisema kwa sauti ndogo na laini, bila haraka, na kama ningefumba macho ningedhani niko nyumbani kwa mama, jioni, na mmoja wetu anamwita mwenzake aje ale. Nilimwona dada yangu anafumba macho yake yasiyoona. Nilidhani, haya, Mungu wangu, hata kama ni mmoja. Hata kama ni huyu mmoja tu.

Dada yangu alijaribu naye jiwe, kutoka mfukoni mwa sweta yake, kwa maana alikuwa anaye jiwe mmoja mdogo wa ziwani siku zote. Awa. Jaylene akarudia. Kisha mtoto akakunja uso, akaonyesha kiatu chake mwenyewe sakafuni na kusema, "Awa?" Nikacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nikamwambia, hapana, mpenzi, hicho ni kitu kweli. Alinitazama kwa mashaka. Nilimwelewa. Niliwezaje kumweleza, kwa Kiingereza changu cha dukani, kwa nini jiwe ni yeye na kiatu siye, wakati hata mimi jibu nililopewa ni kwenda kumwuliza rasiberi? Jambo hilo haliingii kwa maelezo. Linaingia kwa kusikia, asubuhi na jioni, miaka, kutoka kwa mtu anayekupigia kelele ulete maji.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya misonobari tuliposikia buti zinagongwa mlangoni kumkung'uta theluji. Trina aliingia akiwa bado na kibao cha jina lake la dukani kifuani, amechoka, mashavu mekundu kwa baridi. Alinibusu. Alikuwa ameniletea machungwa mawili yaliyobonyea ambayo wangeyatupa.

"Amewasumbua?"

"Hata kidogo," nikasema.

Jaylene aliruka kutoka stuli akamshika mama yake mkono, akamvuta hadi kwenye kiti cha dada yangu. Alikuwa anang'aa. Alikuwa na kitu cha kumwonyesha mama yake, kitu kikubwa alichojifunza siku hiyo. Akasimama wima kama walivyosimama wote asubuhi, akamnyooshea Alphonsine kidole.

"Mama," alisema, "oma Kohkom Alphonsine!"

Hiki ni Bibi Alphonsine.

Trina, ambaye mama yake mwenyewe hakuwahi kumfundisha, alipiga makofi. "Jamani! Msikilizeni mtoto wangu! Umesema Kikri!"

Sikuthubutu kumtazama dada yangu, kisha nikamtazama. Hakukunja uso. Ile taa ya asubuhi haikuwepo tena, wala sikuiona tena baada ya siku ile. Alikaa tu, uso umeelekezwa kule ilikotoka sauti ya mtoto, na kidole chake gumba kikimsugua yule jiwe taratibu. Nilingoja amsahihishe. Nilijua namna atakavyosema, nilijua hata sauti. Hakumsahihisha.

Trina alimfunga mtoto skafu, akamvalisha glavu, akamwambia aseme kwaheri. Walikuwa wamefika mlangoni, mkono wa Trina uko kwenye kitasa, Alphonsine alipoinua mkono wake hewani kama anayetafuta kamba gizani.

"Msichana," alisema.

Alisema kwa Kiingereza. Nilidhani nimesikia vibaya. Jaylene aligeuka mara moja, kwa sababu safari hii alielewa.

"Njoo tena," dada yangu alisema, pole pole, kwa lugha ile, akilichagua kila neno kana kwamba lina miiba. "Njoo kesho, kama mama atakuruhusu. Si lazima useme kitu. Uje tu."